Mpira Nilioukata kwa Wembe

Nimekuwa fundi magari Kasulu kwa miaka thelathini na moja, na sijawahi kuharibu gari la mtu kwa makusudi. La kwangu mwenyewe nimeliharibu mara moja, Jumatano moja ya mwezi wa tano, asubuhi na mapema, nikiwa na akili zangu timamu. Nilifungua boneti, nikapenyeza mkono kule nyuma ya injini mahali macho hayafiki, nikaushika mpira mmoja mwembamba wa hewa, nikauchana kwa wembe upande wa chini. Mchano wenyewe haukuzidi ukucha. Kisha nikawasha, gari likaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa, nikajua kazi yangu imekaa sawa.

Mke wangu Pelagia alikuwa mlangoni na ungo wa maharage. Akaniuliza nakwenda wapi na gari linalotetemeka namna ile. Nikamwambia nakwenda Kibondo kwa fundi. Fundi kwenda kwa fundi mwenzake ni jambo la kuchekesha, lakini Pelagia hakucheka. Alijua ni fundi gani ninayemsema, na alikuwa amengoja miaka sita niseme hivyo. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akarudi na kifurushi cha mihogo mikavu akakitia kwenye kiti cha nyuma bila kusema ni cha nani.

Fundi huyo ni binti yetu, Ndayikeza.

Nieleze habari ya wembe, maana mtu atadhani nimerukwa na akili. Baba yangu alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa na mke, sisi watoto wawili na jembe. Mengine yote aliyokuwa nayo yalikuwa kichwani. Moja kati ya hayo ni kwamba mzazi haombi radhi kwa mtoto kwa mdomo. Akimkosea, anampelekea kazi. Nilimwona kwa macho yangu. Alimchapa kaka yangu mkubwa kwa kosa ambalo baadaye lilijulikana si lake, na baada ya wiki akamletea jembe lililolegea mpini. Jana yake jembe hilo lilikuwa limekaza vizuri tu. Akamwambia, nikazie hili, mikono yangu imechoka. Kaka akachonga kabari, akalikaza. Jioni walikula sahani moja, na sote tulijua yamekwisha. Wanangu niliwasimulia habari hiyo mara nyingi sana, na Ndayikeza ndiye aliyekuwa akiniomba niirudie.

Mimi silimi, natengeneza magari. Kwa hiyo jembe langu lilikuwa ule mpira. Nilitaka Ndayikeza autafute, auone, autengeneze, halafu aniite Data kama zamani, maana ndivyo tunavyomwita baba kwetu, na arudi nyumbani. Sikutaka kitu kingine duniani.

Na niseme pia nilichomfanyia, maana nimekuja kukisema.

Injini inakula petroli na hewa, na inakula kwa kipimo. Hewa yote inatakiwa kupita mlango mmoja, kwenye kifaa kiitwacho sensa kinachoipima, ili petroli itoke ya kuitosha. Mpira wowote ukipasuka baada ya mlango huo, hewa nyingine inaingia kwa wizi, haikupimwa na mtu. Petroli inabaki ile ile, hewa imezidi, mchanganyiko unakuwa mwepesi kama uji uliozidiwa maji. Gari linatetemeka likiwa limesimama, plagi ukizitoa zimekuwa nyeupe, taa ya injini inawaka. Lakini pampu ya mafuta ikichoka, dalili zinafanana: hapo hewa iko sawa ila petroli ndiyo haba. Siku hizi vijana wanachomeka mashine, mashine inasema mchanganyiko ni mwepesi, nao wanakutazama kana kwamba wamemaliza kazi. Mashine inajua kwamba gari lina njaa. Nani kala chakula, hilo ni la fundi kutafuta.

Ndayikeza hakuhitaji mashine. Alipomaliza shule hakutaka kushona wala kusuka, alitaka kushika spana, na mimi nilimpa. Alikuwa na kipande cha mpira wa maji kama urefu wa mkono. Ncha moja aliiweka sikioni, nyingine akaitembeza juu ya injini polepole, amefumba macho. Hewa ya wizi hupiga mluzi mdogo pale inapoingilia. Mimi niliusikia mluzi huo baada ya miaka kumi ya kazi. Yeye aliusikia mwaka wa kwanza. Nilijigamba naye Kasulu nzima mpaka Heru Juu kwa ndugu zetu, nikisema Mungu alininyima mtoto wa kiume akanipa masikio mawili yanayotosha ukoo wote.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa na gereji ilijaa watu. Isihaka, mwenye duka la jumla pale mjini, alileta pikapu yake. Isihaka ni rafiki yangu, babu yake alitokea Ujiji, na ulimi wake hauna kifuniko. Akasema pikapu mlimani haiendi. Mimi hata sikuinama. Nikasema mbele ya watu wote kwamba hiyo ni pampu, ikishindwa mlima ni pampu, aagize nyingine Kigoma.

Ndayikeza akasema kwa heshima kabisa kwamba gari linatetemeka likisimama na likikanyagwa linatulia, na pampu ingekuwa mbovu ingekuwa kinyume chake. Nikamwambia ashike spana. Akaishika. Lakini gari lilikuwa likiunguruma mbele yake na yeye hakuweza kujizuia, kama vile mimi nisivyoweza kujizuia. Akachukua kipande chake cha mpira, akasikiliza, kisha akavuta petroli kidogo kwa bomba la sindano akaidondosha kwenye maungio ya bomba la hewa. Injini ikatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Petroli ilipokwisha ikaanza tena kutetemeka. Akadondosha tena, ikatulia tena. Hata muuza karanga aliyekuwa akipita alielewa kwamba Fundi Makarius amekosea. Na habari ya mlima, Ndayikeza akamuuliza Isihaka alikuwa amepakia mifuko mingapi ya sukari, na Isihaka akaanza kutazama viatu vyake.

Watu wakacheka. Isihaka, ili kicheko kimwondokee yeye, akanipiga begani akasema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani, fundi. Leo mwanafunzi kamfundisha mwalimu."

Nilimpiga binti yangu kofi. Kofi moja. Watu husema kofi moja kana kwamba hesabu inapunguza kitu. Mkono wangu wa kulia, mkono ulioshika nyundo miaka yote hiyo, ulitua kwenye shavu lake la kushoto na sikio. Alianguka juu ya tairi la akiba. Aliponyanyuka hakulia. Alishika sikio akanitazama, kisha akainama kuokota lile bomba la sindano lisikanyagwe. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Jumatatu hakuwapo. Pelagia akaniambia amekwenda Kibondo kwa binamu yake. Nikasema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, nikaendelea na kazi. Hakurejea. Mwaka ukapita, akafungua gereji yake mwenyewe. Watu wa Murungu na Busunzu wakawa wanapeleka magari kwake, na waliponiletea sifa zake nilijibu kwamba Kibondo hakuna mafundi ndiyo maana. Pelagia alikwenda kumwona mara mbili kwa mwaka. Kila Jumapili waliongea kwa simu, na Pelagia alikuwa akipaza sauti mpaka majirani wanasikia habari zetu zote. Nilidhani ni mtandao. Hata siku moja sikuomba nipewe simu, na kila Jumapili nilikaa karibu ili nisikie kama ameniulizia.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, Pelagia aliniambia jambo moja tu. Alisema nikifa kabla sijaenda Kibondo, hatamwita Ndayikeza kwenye msiba wangu. Aliyasema hayo akiwa anachambua mboga, hakuinua hata uso. Nililala nayo maneno hayo wiki mbili, kisha nikachukua wembe.

Safari ilikuwa ya taabu na mimi nilikuwa na furaha. Kila niliposimama gari lilizima. Pale Makere vijana wa bodaboda walinishauri nitafute fundi, nikawashukuru. Nilipofika milimani nilikuwa nikicheka peke yangu, mzee mzima, nikimwona tayari ameinama juu ya injini, mpira sikioni, macho yamefumbwa. Sikujiandalia maneno yoyote. Kwa desturi ya baba yangu maneno hayakuhitajika.

Gereji yake ilikuwa uwanja wa mabati pembeni ya barabara, safi kuliko yangu. Miguu miwili ilitokeza chini ya gari. Nilipozima injini miguu ile haikusogea, nikapiga honi, ndipo akatoka. Amenenepa kidogo. Amefunga kitambaa kichwani kama mama yake. Alinitambua, hilo niliona, maana alisimama kidogo kabla ya kuja.

"Shikamoo," alisema.

Nikaitikia marahaba. Nikangoja aongeze Data, hakuongeza. Akauliza gari lina nini, kama anavyomuuliza mteja yeyote. Nikamweleza: linatetemeka likisimama, likikanyagwa linatulia. Muda wote nilipokuwa nikisema alinitazama mdomoni. Nilifikiri anahesabu meno niliyopoteza.

Akawasha injini, akafungua boneti. Nikajisogeza kushoto kwake, mahali nilipokuwa nikisimama zamani nikimfundisha, nikangoja achukue mpira wa kusikilizia. Hakuuchukua. Aliweka kiganja juu ya injini, akakiacha pale muda mrefu. Akazima, akatoa plagi, akautazama weupe wake juani, akazirudisha na kuwasha tena. Akarudi, akaanza kupapasa mipira mmoja mmoja kwa ncha za vidole. Mluzi ulikuwa ukisikika. Mimi mwenye miaka sitini na mbili niliusikia nikiwa nimesimama wima, na yeye alikuwa amesogeza kichwa karibu kabisa lakini hakuuelekea.

Nikamwambia kwa upole, "Sikiliza tu, utaupata."

Hakugeuka wala hakunijibu. Nikarudia. Hakunijibu. Joto likanipanda, lile lile la Ijumaa ile, na sioni sababu ya kuficha: baada ya miaka sita na safari yote ile, nilikasirika. Nikasema moyoni kwamba ana kiburi, ananinyamazia mbele ya watu. Nikashikanisha mikono nyuma ya mgongo. Yeye akaiacha injini ikiunguruma, akaenda ndani kutafuta kitu.

Pembeni mwa gereji palikuwa na kiduka cha vipuri, na mwenye duka, mama mmoja wa makamo aitwaye Mwanahawa, aliniita nikae kivulini. Hakujua mimi ni nani. Aliniona tu mteja aliyekunja uso.

"Mzee wangu usione amekudharau," aliniambia. "Fundi huyu ukitaka kumsemesha mzungukie kulia. Sikio la kushoto halina kitu, na hilo la kulia nalo mpaka upaze sauti."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu siku anafika hapa. Alikuja limevimba, likaoza, likatoa usaha mwaka mzima. Ni yeye Mwanahawa aliyempeleka hospitali, wakaambiwa ngoma ya sikio ilipasuka na ugonjwa ulishaingia ndani, ukavuka mpaka upande wa pili. Akasema mwenyewe husema ilikuwa ajali ya gereji. Akasifu kwamba pamoja na hayo hakuna fundi anayemfikia Kibondo yote, na kwamba ametengeneza kifaa chake cha moshi ambacho mafundi wenye masikio yao wanakuja kukiazima.

Nilibaki nimeketi kwenye kiti cha plastiki alichonipa. Nilikumbuka Pelagia akipiga kelele kwenye simu kila Jumapili. Nilikumbuka nilivyosema Mungu alinipa masikio mawili. Nilikuwa nimekuja na mpira unaopiga mluzi, zawadi yangu ya kuomba radhi, kwa mtoto niliyemziba masikio kwa mkono wangu mwenyewe. Niliona aibu ya kutamani ardhi inimeze, na zaidi ya aibu niliumia, niliumia kama siku niliyomzika mama yangu.

Ndayikeza akatoka na kopo la maziwa lililotobolewa. Ndani alikuwa ametia kitambaa chenye oili kinachofuka, na pembeni ameunganisha pampu ya miguu ya kujazia baiskeli upepo. Akazima injini, akaziba njia kubwa ya hewa, akaingiza mpira wa kopo lake, akaanza kukanyaga pampu taratibu. Moshi ulikwenda ndani ya injini. Alikanyaga, akasubiri, akachungulia, akakanyaga tena. Kazi ambayo zamani angeimaliza kwa pumzi tatu ilimchukua nusu saa, naye hakuwa na haraka hata kidogo. Kisha kule nyuma, chini ya ule mpira mwembamba, ukatoka uzi wa moshi. Akatabasamu. Aliutabasamia ule moshi, mimi hakunitazama.

Akapenyeza mkono, akauchomoa mpira, akaugeuza juani. Aliutazama muda mrefu kupita kiasi. Mimi nilikuwa nimekwisha simama.

"Huu haukupasuka," alisema. "Umekatwa na wembe. Leo."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ni jembe la babu?"

Nikatikisa kichwa tena.

Akaenda kwa Mwanahawa akachukua mpira mpya, akaupima, akaukata, akauvalisha, akakaza vibano vyake viwili. Akawasha. Injini ilikaa kimya, imara, hakuna mtetemo. Akaweka kiganja juu yake kuhakikisha, kisha akanigeukia akasema, "Nimelikaza."

Kwa sheria ya baba yangu yalikuwa yamekwisha pale. Kama nisingeketi kwa Mwanahawa ningeingia kwenye gari langu na kurudi Kasulu nikipiga mluzi. Lakini jembe linatosha kwa mgongo wa mtoto ambao baada ya wiki umepona. Nikamzunguka nikaenda kulia kwake. Nikazima injini ili asiwe na la kushindana nalo. Nikapaza sauti, na Mwanahawa akasikia, na watu wa barabarani wakasikia.

"Ndayikeza, mwana wanje, mwanangu, nisamehe. Siku ile ulisema kweli. Na mimi nilijua. Mluzi niliusikia kabla yako, wakati Isihaka bado anaongea, lakini nilikuwa nimeshasema pampu. Nilikupiga nikijua."

Hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata padri.

Alichukua kitambaa akafuta mikono, kidole baada ya kidole.

"Nilijua umeusikia, Data," alisema. "Nilikuona uso ulivyobadilika. Ndiyo maana niliondoka. La sikio nilikusamehe kabla halijakauka."

Alikuwa ameniita Data. Nikalia hapo hapo, na sikujifuta. Akaniambia mama yake alimwapisha asiseme habari ya masikio, kwa sababu alijua nikiambiwa nitajifungia ndani kwa aibu na sitakuja kamwe. Nikamwomba arudi tufanye kazi pamoja, gereji iwe yake, mimi nitashika taa. Akasema hapana, wateja wake wako Kibondo na Mwanahawa amekuwa kama shangazi yake. Lakini Krismasi atakuja. Akaniuliza kama mama bado anapika maharage na kuyasahau jikoni, nikamwambia anayasahau zaidi ya zamani, akacheka. Akanitania kwamba nimeukata mpira vibaya, fundi mwenye adabu angeukunja kwanza ili mkato usionekane. Kwa muda huo mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kigoma nzima. Nilifikiri tumefika.

Tulikuwa tumesimama mbele ya gari, yeye pembeni yangu, boneti bado iko juu. Nikainua mkono kuishusha.

Ndayikeza alijikunja. Spana ilimtoka mkononi, akaanguka magoti karibu na tairi, mkono mmoja umefunika kichwa na mwingine umefunika sikio, macho ameyafumba kwa nguvu. Mwanamke wa miaka ishirini na mitano, mwenye gereji yake, alikuwa chini mbele yangu akisubiri. Mkono wangu ulibaki hewani. Niliuona kama mkono wa mtu mwingine.

Mwanahawa alikuwa amesimama dukani kwake akinitazama, na nadhani wakati huo alielewa yote.

Ndayikeza alifumbua macho, akaona boneti, akaelewa. Akanyanyuka haraka, akajipangusa magoti, akawa anaona haya yeye.

"Samahani, Data," alisema. "Nimekusamehe kweli. Ni mwili tu, haujui."

Binti yangu aliniomba mimi samahani. Nikashusha mkono polepole, nikautia mfukoni, na ule mwingine nikautia mfukoni. Nikamwomba afunge boneti yeye. Akaifunga. Nikamwambia mihogo iko kwenye kiti cha nyuma, ni ya mama yake, akaitoa. Sikumkumbatia. Nilitaka kumkumbatia na niliogopa, na naona alishukuru.

Gari lilikwenda vizuri njia nzima. Nilisimama mara moja tu, kabla ya Makere, kwa sababu nilikuwa sioni barabara. Nilipofika nilimwambia Pelagia kwamba najua habari ya masikio, na kwamba Krismasi mtoto anakuja. Akakaa chini akalia na kucheka pamoja, akaniuliza kama sasa yamekwisha. Nikasema yamekwisha. Sikuwa na moyo wa kumwambia lingine.

Krismasi alikuja. Alikuja na basi la mchana, amemletea mama yake kitenge na mimi kofia, akaniita Data mbele ya ndugu wote wa Heru Juu. Alikaa siku mbili. Siku zote mbili mikono yangu niliiweka juu ya meza, mahali anapoiona, na nilipotaka kuinua kikombe cha chai nilimwambia kwanza.